Jason Sendwe: mtoto wa Kabongo aliyekataa kumuita jirani yake mgeni

Kule Lubumbashi, mtu akisema anakwenda Sendwe, hakuna anayemuuliza tena ni wapi. Ni hospitali. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anapelekwa Sendwe, kijana aliyeanguka na pikipiki anapelekwa Sendwe. Wakaaji wengi wa Katanga ya zamani wanalijua hilo jina tangu utotoni, lakini ukiwauliza Sendwe alikuwa nani, wengi watakujibu tu kwamba alikuwa mzee wa siasa wa zamani.

Jason Sendwe alikuwa mtoto wa hapa kwetu Haut-Lomami. Aliongoza Waluba wa Katanga katika miaka ya uhuru, akawa naibu wa waziri mkuu wa inchi nzima, kisha rais wa jimbo la Nord-Katanga, na aliuawa mwezi wa sita 1964, karibu na ufuko wa ziwa Tanganyika. Maisha yake yanastahili kukumbukwa leo, zaidi sana katika teritwari ya Malemba-Nkulu, kwa sababu swali lililomsumbua ndilo linaloendelea kuua watu katika mashariki ya Kongo na kwa majirani zetu: nani ni mwenyeji, na nani ni mgeni?

Munganga ambaye hakuruhusiwa kuwa munganga

Sendwe alizaliwa mwaka wa 1917 katika kijiji cha Mwanya, teritwari ya Kabongo. Leo Kabongo ni moja ya teritwari tano za Haut-Lomami, pamoja na Malemba-Nkulu, Bukama, Kamina na Kaniama. Wakati ule yote ilikuwa Kongo ya Wabelgiji. Alisoma katika shule za misioni ya Waprotestanti, na hao ndio waliomfundisha kusoma, kuandika na kusimama mbele ya watu.

Alitamani kuwa daktari. Lakini kwa kijana mweusi wa kizazi chake huo mlango ulikuwa umefungwa. Wabelgiji walikubali Mkongomani awe karani, fundi, mwalimu wa shule ya chini, padri, au msaidizi wa munganga. Udaktari wenyewe ulibaki kazi ya wazungu. Ndiyo maana wakati Kongo inapata uhuru mwaka wa 1960, inchi kubwa kama hii haikuwa na daktari wake hata mmoja.

Basi Sendwe alipita njia zile zilizoruhusiwa. Alihubiri, alifundisha shule, alifanya kazi ya uuguzi, na mwishoni akafika kwenye cheo cha asistan medikali. Hicho ndicho kilikuwa cheo cha juu kabisa ambacho mtu mweusi aliweza kufikia katika kazi ya kuponya watu. Ile kazi ilimfanya ajulikane sana. Mtu wa hospitali anaingia katika nyumba zote, anamuona tajiri na maskini wakiwa wamelala, na hamuulizi mgonjwa kabila kabla ya kumfunga kidonda.

Treni iliyoleta watu na maneno

Ili kuelewa siasa ya Sendwe, lazima kwanza kuelewa miji ya Katanga. Wabelgiji walipoanza kuchimba shaba walikosa wafanyakazi wa kutosha. Kampani ya Union Minière na kampani ya reli zikaenda kuwatafuta mbali: Rodezia, Ruanda-Urundi, na zaidi sana Kasai. Mwaka wa 1928 njia ya treni ilimalizika kutoka Bukama mpaka Port-Francqui, inayoitwa leo Ilebo. Ikapita Kamina na kukata Kasai katikati. Familia nyingi za Waluba wa Kasai zikashuka na hiyo treni, zikajenga maisha Elisabethville, Jadotville na Kolwezi. Elisabethville ndiyo Lubumbashi ya leo, na Jadotville ndiyo Likasi.

Watoto wao walizaliwa pale, wakasoma pale, wakapata kazi za ofisini na za migodi. Wenyeji wa kusini mwa Katanga, kama Walunda na Wayeke, wakaanza kusema kwamba watu wa Kasai wamekamata nafasi zote. Mwezi wa kumi na mbili 1957 Wabelgiji walipanga uchaguzi wa kwanza wa miji. Kule Elisabethville, wengi walioshika umeya wa mitaa ya weusi walikuwa watu kutoka nje ya Katanga, hasa Kasai. Kwa wanasiasa wengi ilikuwa kama kengele imepigwa. Mwezi wa kumi 1958 kikazaliwa chama cha Conakat, ambamo Moïse Tshombe, Mlunda, na Godefroid Munongo, mjukuu wa mfalme M'siri wa Wayeke, ndio waliokuja kuwa vichwa. Msingi wake ulikuwa rahisi kueleza sokoni na katika vilabu: Katanga ni ya Wakatanga halisi, wengine ni wageni.

Mwaka ule wa 1957 Sendwe alikuwa amekwisha kusaidia kuanzisha shirika la Waluba wa Katanga, lililoitwa kwa ufupi Balubakat. Mwanzoni ilikuwa jumuiya ya kusaidiana kama zile nyingi za mijini: watu wa kwenu wanakuzika, wanakutafutia kazi, wanapatanisha familia. Baadaye siasa ikaingia ndani. Mwanzoni mwa 1959 Balubakat iliungana na Conakat, maana Waluba wa Katanga nao walikuwa wenyeji wa jimbo.

Huo umoja haukumaliza hata mwaka. Mwezi wa kumi na moja 1959 Sendwe na watu wake wakatoka Conakat. Sababu zilikuwa mbili, na zilitembea pamoja. Ya kwanza: Conakat ilikuwa imewapokea wazungu wakoloni wenye mashamba na biashara, ambao walitaka Katanga yenye utajiri ijitenge au ijitawale pembeni ya Kongo. Ya pili: kelele dhidi ya watu wa Kasai zilizidi. Waluba wa Katanga na Waluba wa Kasai si watu mbalimbali kabisa. Lugha zao ni ndugu, na hadithi za asili yao zinarudi kwenye mto na maziwa ya hapa kwetu. Sendwe hakukubali kuwaita hao wageni. Aliona kwamba mtu akianza kuhesabu wageni, hesabu haiishii kwa yule wa kwanza.

Akafanya kinyume cha Conakat. Akaunda muungano ulioitwa Cartel, pamoja na Fedeka, chama cha watu wa Kasai waliokaa Katanga, na Atcar, chama cha Wachokwe. Madai yao yalikuwa Kongo moja, yenye serikali moja.

Mwaka ambao nyumba nyingi ziliungua

Mwaka wa 1959 haukuwa mbaya Katanga peke yake. Mahali pengi ambapo Wabelgiji walitawala, watu walikuwa wakijiuliza nani atashika kiti siku mzungu akiondoka, na majibu yakaanza kutolewa kwa kabila.

Mwezi wa kumi 1959, kule Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, Walulua na Waluba wa Kasai wakapigana. Waluba wengi wakafukuzwa kutoka mashamba waliyoishi miaka mingi. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Rwanda, ambayo Ubelgiji iliitawala kwa jina la Umoja wa Mataifa. Wahutu na Watutsi walikaa juu ya vilima vilevile, wakasema Kinyarwanda kilekile, hata koo zao ziliingiliana. Lakini katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika kabila la kila mtu kwenye karatasi ya kitambulisho, na wakawapa machifu wa Kitutsi nafasi kubwa kuliko Wahutu wengi. Baadaye, uhuru ulipokaribia, wakageuka na kuwaunga mkono viongozi wa Kihutu. Tarehe 1 Novemba 1959, kushambuliwa kwa Dominique Mbonyumutwa, chifu mdogo wa Kihutu, kuliwasha moto. Nyumba za Watutsi zikachomwa, watu wakauawa, na maelfu wakakimbia. Wengine wakaingia Kivu.

Watoto wa wale wakimbizi ndio waliorudi na silaha mwaka wa 1990. Na mwaka wa 1994, kwa muda wa siku kama 100, watu zaidi ya laki nane, wengi wao Watutsi pamoja na Wahutu waliokataa mauaji, waliuawa na serikali, jeshi na wanamgambo. Burundi nayo ilipitia yake: mwaka wa 1972 jeshi lililoongozwa na Watutsi liliua Wahutu wengi, zaidi sana waliokuwa wamesoma. Baada ya 1994 wakimbizi wa Kihutu, wakiwa wamechanganyika na wauaji, walijaa Goma na Bukavu. Vita iliyotoka hapo, ile ya 1996 na ile ya 1998, ilifika mpaka Katanga yetu.

Njia ya Rwanda na njia ya Katanga hazikufanana katika yote. Lakini zilianza na swali moja, mwaka mmoja, chini ya mtawala mmoja. Sendwe aliishi ndani ya hilo swali.

Kura, halafu kujitenga

Mwezi wa kwanza na wa pili 1960 Sendwe alikuwa kati ya viongozi wa Kongo waliokaa Brussels kwenye mkutano wa meza ya duara, ambako tarehe ya uhuru ilipangwa: 30 Juni. Mwezi wa tano watu wakapiga kura. Sendwe akachaguliwa mbunge wa taifa. Lakini katika bunge la jimbo la Katanga, lenye viti 60, Conakat ikapata 25 na Cartel 23. Viti vilivyobaki vilikuwa vya vyama vidogo na watu wasio na chama, na wengi wao wakaenda upande wa Tshombe.

Sheria ya wakati ule ilitaka thuluthi mbili ya wabunge wawe ndani ya chumba ili serikali ya jimbo ichaguliwe. Balubakat ikatoka nje ili kuzuia. Badala ya kuwasukuma wale wawili kugawana madaraka, bunge la Ubelgiji likabadilisha sheria katikati ya mwezi wa sita. Conakat ikaunda serikali peke yake. Karibu nusu ya jimbo, yaani kaskazini yote ya Waluba, ikaona imefungiwa mlango wa nje siku chache tu kabla ya uhuru.

Waziri mkuu Patrice Lumumba alijaribu kurekebisha kwa kumpa Sendwe kazi ya kuwakilisha serikali kuu katika Katanga. Tshombe na watu wake hawakumtaka hata kidogo, na hakupata kuifanya. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, Tshombe akatangaza kwamba Katanga ni inchi peke yake. Nyuma yake kulikuwa na maofisa wa Ubelgiji na pesa ya Union Minière.

Moto wa kaskazini

Kaskazini wakakataa. Kutoka Bukama mpaka Malemba-Nkulu, kutoka Kabongo mpaka Manono na Kabalo, vijana wa Balubakat wakainuka. Walikuwa na mishale, mikuki, minyororo ya baiskeli na bunduki za kienyeji, na wengine waliamini dawa za vita. Walivunja madaraja, wakashambulia treni na vituo vya serikali ya Tshombe. Kwa upande wa pili walikuja askari wa Katanga na mamluki wa kizungu wenye silaha za kisasa. Wakachoma vijiji vingi na kuua watu ambao hawakuwa na silaha yoyote.

Ni lazima kusema pia upande mwingine wa hii habari, maana wazee wanaujua. Wale vijana nao waliua. Waliwashambulia machifu walioonekana kuwa upande wa Conakat, waliwashambulia watu wa makabila mengine, na wakati mwingine Waluba wenzao. Maana haikuwa kweli kwamba Waluba wote walikuwa upande mmoja: Kasongo Niembo, chifu mkubwa wa Waluba upande wa Kamina, alisimama na Tshombe. Lakini vita ikishaanza kuitwa kwa jina la kabila, mtu hapati nafasi ya kueleza yuko upande gani. Anaangaliwa sura, anasikilizwa lugha, basi.

Hapo ndipo Sendwe alipokutana na shida kubwa ya maisha yake. Chama alichokiongoza kilitaka Kongo moja ya makabila yote, lakini jina lake lilikuwa la kabila moja. Mjini, mbele ya wabunge, hiyo iliwezekana kuelezwa. Kijijini, mbele ya kijana ambaye nyumba ya baba yake imechomwa, jina ndilo lililosikika, na maelezo yakapotea njiani.

Mwezi wa kumi 1960 ONU ikamuomba atembee kaskazini mwa Katanga chini ya ulinzi wa askari wake, ili atulize watu. Akaenda. Alipita kati ya watu wake mwenyewe, akiwaomba waweke silaha chini na waache kuua, wakati mamluki bado walikuwa karibu. Watu walijaa kumpokea, na kwa siku kadhaa mahali pengine pakatulia. Lakini askari wa Tshombe hawakuacha kazi yao, na vijana nao hawakumngojea mtu wa kuwaongoza. Utulivu haukudumu.

Tarehe 8 Novemba 1960, karibu na Niemba, ambayo leo iko jimbo la Tanganyika, kikosi kidogo cha askari 11 wa Ireland waliotumikia ONU kilikwenda kuangalia daraja lililovunjwa. Wapiganaji wa Kiluba wakawavamia. Wanajeshi 9 walikufa. Walikuwa wamekuja kulinda watu wa kaskazini, lakini kwa wale wapiganaji mzungu mwenye silaha alikuwa mamluki tu. Hofu haina wakati wa kusoma alama kwenye kofia.

Mwezi wa kwanza 1961 askari wa serikali ya Stanleyville waliteremka mpaka Manono, na wafuasi wa Balubakat wakaweka pale serikali ya jimbo lao, lililoitwa Lualaba, chini ya Prosper Mwamba Ilunga. Katika mwezi huohuo, tarehe 17, Lumumba aliuawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mwezi wa tatu askari wa Tshombe wakachukua tena Manono. Na kule Elisabethville, kuanzia mwezi wa nane 1961, makumi ya maelfu ya Waluba, wa Katanga na wa Kasai pamoja, walikimbia nyumba zao wakajificha katika kambi moja ya ONU. Wakati ule hakuna aliyewauliza kama wao ni Waluba wa mto Lualaba au wa Lubilanji. Aliyewafukuza aliwaona kitu kimoja.

Kutoka Léopoldville mpaka Albertville

Sendwe hakuchagua njia ya kukaa porini na silaha. Alibaki Léopoldville, yaani Kinshasa, katika bunge, akitafuta kuunganisha inchi kwa mazungumzo. Mwezi wa nane 1961, baada ya wabunge kukutana Lovanium, serikali ya Cyrille Adoula ikaundwa, na Sendwe akawa naibu wa pili wa waziri mkuu. Alikaa katika hicho cheo mpaka mwezi wa kwanza 1963. Ni mwezi huohuo Tshombe alikubali kushindwa, na kujitenga kwa Katanga kukaisha.

Lakini amani haikurudi kaskazini. Mwaka wa 1962 jimbo la Nord-Katanga lilikuwa limeundwa, makao yake Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Kwa mara ya kwanza Waluba wa Katanga walikuwa na serikali mikononi mwao. Mlunda hakuwepo tena wa kugombana naye, wala Myeke. Kumbe ugomvi ulihamia ndani ya nyumba. Balubakat ikagawanyika, wengine nyuma ya Mwamba Ilunga, wengine nyuma ya Sendwe. Vyeo, mishahara na pesa ya jimbo vikawa sababu mpya ya chuki.

Mwezi wa tisa 1963 Sendwe akawa rais wa jimbo. Alikuta sanduku la pesa halina kitu, askari wasio na nidhamu, na vijana waliopigania uhuru lakini hawakupata kazi wala shule. Mwanzoni mwa 1964 bunge la jimbo likamuondoa, kisha baada ya muda mfupi akarudishwa. Wakati wakubwa wanavutana viti, vijana walikuwa wakisikiliza maneno mengine. Uasi wa Wasimba ulikuwa umeanza mashariki, na Gaston Soumialot alikuwa akiwatafuta watu wa kuuingiza Albertville. Kati ya waliokuwa katika ule uasi alikuwemo kijana aliyetoka katika ujana wa Balubakat, Laurent-Désiré Kabila, ambaye miaka 33 baadaye atakuwa rais wa inchi.

Mwishoni mwa mwezi wa tano 1964 vijana wa Albertville wakasimama dhidi ya serikali ya jimbo. Sendwe akakamatwa. Askari wa jeshi la taifa wakamtoa mikononi mwao baada ya siku chache. Aliweza kuondoka kabisa na kurudi Léopoldville, lakini alibaki. Katikati ya mwezi wa sita askari wakaanza kukimbia, na mji ukaanguka. Sendwe alijaribu kutoka, akashikwa tena, na tarehe 19 Juni akauawa. Alikuwa hajafikisha miaka hamsini.

Hakufa kwa mkono wa Conakat aliyopigana nayo, wala kwa mkono wa mamluki. Alikufa katika inchi ya nyumbani, ndani ya ghasia ya vijana ambao wengi wao walikua wakiimba jina la chama chake. Hilo ndilo jambo gumu zaidi katika maisha yake, na si vizuri kuliruka. Hasira ikishazoeshwa kumtafuta adui katika jirani, adui akiisha inageuka na kumtafuta mwingine, hata ndani ya nyumba.

Neno lilirudi

Baada ya kufa kwake, neno mgeni halikuzikwa naye. Mwaka wa 1992 na 1993, wakati wa gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na chama cha Uferi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa tena kutoka Likasi, Kolwezi na miji mingine ya Katanga. Walikuwa mamia ya maelfu. Walilala wiki nyingi kwenye vituo vya treni bila maji wala chakula cha kutosha, na watoto wengi na wazee walikufa wakingoja au wakiwa njiani. Kuna aliyekuwa amezaliwa Katanga, na baba yake pia, lakini kijiji cha Kasai alichokuwa anarudishwa hakujawahi kukiona.

Wakati ule watu wa Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Katika miaka ileile, kule Rwanda, magazeti ya chuki na redio ya RTLM ziliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Hakuna mtu anayemhurumia mdudu. Ndiyo maana yule anayetaka kuua watu anaanza kwa kuwabadilisha jina. Sisi wa kazi ya redio tunapaswa kulijua hilo kuliko wengine wote: kule Rwanda panga lilifuata mikrofoni.

Na Malemba-Nkulu haikusalimika. Mwezi wa kumi na moja 1993 ulikuwa umepita miaka thelathini tayari wakati, mwezi wa kumi na moja 2023, kifo cha kijana mmoja wa pikipiki kiligeuka kuwa kesi ya kabila. Kumtafuta muuaji ilikuwa kazi ya polisi na mahakama. Badala yake, watu wenye asili ya Kasai wakashambuliwa, wengine wakauawa, na familia zikakimbia. Kosa la mtu mmoja likawekwa juu ya mgongo wa watu wote wanaosema lugha yake.

Wengi wa waliotoka barabarani siku hizo ni wajukuu na vitukuu vya watu waliompigia Sendwe kura mwaka wa 1960. Yawezekana hakuna aliyewaambia kwamba babu zao walipiga kura katika muungano mmoja na watu wa Kasai, wala kwamba mzee wao alitoka Conakat kwa sababu ya hilohilo neno. Yawezekana hawakuambiwa pia kwamba mwaka wa 1961, ndani ya ile kambi ya Elisabethville, bibi zao na bibi za wale waliowafukuza walichota maji kwenye bomba moja.

Sendwe hakuwa mtakatifu. Alijenga chama juu ya jina la kabila, na alichelewa kuona kwamba jina linaweza kukimbia kuliko mwenyewe. Lakini katika swali kubwa la wakati wake alijibu vizuri, na alijibu mapema, wakati jibu la kinyume lilikuwa linaleta kura nyingi na pesa nyingi. Wazazi na walimu wa Malemba-Nkulu, Kabongo na Kamina wana hadithi ya kwao ya kuwasimulia watoto kuhusu ukabila. Hawana haja ya kuikopa mbali. Na mtoto akiuliza kwa nini ile hospitali kubwa ya Lubumbashi inaitwa Sendwe, aelezwe kwamba ni jina la mtu wa Mwanya, aliyetaka kuwa daktari, na ambaye hakukubali mgonjwa wala jirani apimwe kwa kijiji cha babu yake.